Salamu Zisizotumwa

Nomvula mwanangu,

Leo sianzi na salamu. Usishtuke, sijakasirika na sijaugua. Nimeziweka chini kabisa, na ukifika huko utajua kwa nini.

Mama Furaha amenipigia simu sasa hivi kutoka saluni yake kule Newtown, katikati ya Johannesburg. Kiswahili chake cha Kongo unakijua: "Mama Nomvula, nywele ya huyu mtoto iko mingi, haitaisha mbele ya saa kumi na mbili!" Nimemwambia asuke taratibu tu, hata akimaliza saa mbili sina neno. Kwa hiyo nina mchana mzima peke yangu. Begi lako limefungwa mara tatu, mara mbili na mimi na mara moja na wewe kwa hasira. Mambo ya koti, dawa ya kifua na simu ya kila Jumapili siyasemi. Hata unga sisemi, maana najua nikigeuka tu utautoa.

Kiswahili unakisoma polepole, unafuata kwa kidole, na ndiyo maana nimekuandikia kwa Kiswahili. Ningeandika Kiingereza ungeipitia barua hii kwenye foleni ya uwanja wa ndege, useme "sharp, Ma," ndiyo sawa yenu hiyo, uitie mfukoni. Hii sitaki uimalize haraka.

Unakwenda Uingereza, nchi walikotoka wale bibi wawili niliowatunza. Wewe uliwajua kama "wazungu wa Mama" na hukuuliza zaidi. Ulikuwa na chuo, ulikuwa na maandamano, nami nilirudi jioni miguu imevimba. Lakini habari yao ni habari yetu, mwanangu, wewe na mimi na baba yako.

Nyumba yao unaijua kwa nje, ile ya mawe kule juu kwenye mwamba, dakika kumi kwa miguu kutoka hapa kwetu. Siku ya kwanza nilipoingia nilidhani nimeingia kanisani, mpaka nikavua viatu. Wakili aliyeniajiri alinieleza kazi yote akiwa amesimama mlangoni.

"Ni dada wawili, baba mmoja mama mmoja," akasema. "Mkubwa ana miaka tisini na sita, anakaa juu. Mdogo ana tisini na tatu, anakaa chini. Hawasemezani. Wakikupa ujumbe, uupeleke."

"Hawasemezani tangu lini?"

"Tangu kabla sijazaliwa."

Na yeye mwenyewe kichwa chote mvi! Nikamwangalia nikidhani anatania.

Baba yao alikuwa lodi, yaani mwinyi wa Kiingereza, mwenye msitu wake, mto wake, na kanisa lake lenye makaburi ya ukoo chini ya sakafu. Mabinti wale walilala kitanda kimoja na kulelewa na yaya mmoja. Halafu yule mkubwa, akiwa na miaka kumi na minane, akampenda yule mtawala wa Kijerumani aliyekuja kuichoma dunia. Alisafiri mpaka kwake kumwona, akarudi na picha yake kwenye fremu ya fedha. Mdogo naye akawapenda wafanyakazi waliogoma. Aliuza lulu zake kuwalisha, akatoroka nyumbani akaenda kukaa nao. Jioni moja mezani, kabla mdogo hajatoroka, mkubwa aliinua mkono kupiga ile saluti ya Wajerumani, na mdogo akammwagia supu. Hayo ndiyo maneno yao ya mwisho, kama supu ni neno.

Baada ya vita mkubwa alitemewa mate mitaani kwao, akahamia Johannesburg kwa sababu, alivyoniambia bila haya, hapa watu weusi walikuwa bado wanajua mahali pao. Miaka mingi baadaye mdogo naye akaja kuwasaidia watu haohao waondoke mahali hapo, mpaka serikali ya wakati ule ikamfungia ndani asitoke wala asiandike. Shangazi yao aliyekuwa akiishi hapa akafa, akawaachia ile nyumba wote wawili, kwa sharti kwamba hakuna atakayeiuza bila sahihi ya mwenzake. Hakuna aliyetia sahihi. Mmoja akachukua juu, mwingine akachukua chini, katikati ngazi ya vidato kumi na vinne, na kila mmoja akangoja mwenzake atangulie.

Nomvula, mimi niliyasikia hayo nikasahau kukaa. Nilikuwa na ufagio mkononi, nikabaki nimeushika. Ajabu ya Mungu! Watoto wa kitanda kimoja, halafu huyu anashika barabara ya kushoto mpaka inapoishia, na huyu ya kulia mpaka inapoishia.

Usidhani nakuambia walikuwa sawa. Bibi wa Juu alikosa, na alikosa vibaya, na aliendelea kukosa mpaka siku ya kufa. Mimi aliniwekea kikombe cha bati na sahani ya bati chini ya sinki, mbali na vyombo vyake. Bibi wa Chini alinipa kikombe chembamba chenye ukingo wa dhahabu, akanilazimisha nikae naye mezani. Nilikaa nusu kiti kwa kuogopa kukivunja. Huyu akinidharau, yule akinitukuza, na wote wawili nikiwabadilisha nepi.

Ila kuna kitu kimoja. Wote wawili asubuhi walikula mkate wa kuchoma uliokatwa vipande virefu, na wote wawili walibakiza kipande cha mwisho ukingoni mwa sahani. Kila siku. Nilidhani ni shibe. Siku moja nikamuuliza Bibi wa Chini, akaona aibu kidogo. "Ni cha mbwa," akasema. Walipokuwa wadogo kila mmoja alimbakizia mbwa wao kipande cha mwisho chini ya meza. Mbwa mwenyewe amekufa kabla mama yangu hajazaliwa! Nikapanda juu kuchukua sahani nyingine, na kipande kikawa palepale ukingoni. Nikasimama jikoni na sahani mbili mkononi. Halafu nikavitupa vyote viwili pipani, nikaosha vyombo.

Likumbuke hilo pipa, nitalirudia.

Sasa kosa langu. Wiki ya kwanza Bibi wa Juu aliniambia, "Kamwambie yule msaliti wa damu yake apunguze hiyo redio yake ya makabwela." Nikashuka. Nawe unajua nilivyolelewa. Bibi yangu kule Morogoro alitufunza kwamba hutoki nyumba hii kwenda nyumba ile ukiwa huna salamu. Kama hukupewa, alisema, ziokote njiani. Nilipofika kidato cha mwisho mdomo ukasema wenyewe, "Dada yako anakusalimu. Anauliza kama redio inaweza kupungua kidogo."

Bibi wa Chini akaweka kikombe chini. "Amesema hivyo? Kwamba ananisalimu?"

"Ndiyo, madamu."

"Usiniite madamu," akasema, na akapunguza redio. Kisha akaniambia, "Mjibu yule Mjerumani kwamba nimepunguza ili asikie vizuri jehanamu ikimwita."

Nikapanda. "Anakusalimu," nikamwambia Bibi wa Juu. "Ameshapunguza. Anauliza kama umelala vizuri."

Basi nikanogewa. Miaka miwili nilipanda na kushuka na salamu za kutunga. Baridi ikija, "anasema ujifunike." Umeme ukikatika, "anauliza kama una mshumaa." Nyumba ikatulia. Wakili akanisifu, akasema nina mkono wa baraka, nami nikavimba kichwa nikajiona malkia wa amani. Siku moja Bibi wa Juu aliniambia nikamwonye mdogo wake asiendelee kula meza moja na mweusi. Mweusi mwenyewe ni mimi, nimesimama mbele yake na beseni la maji yake ya kuoga! Hata hilo nililishusha na sukari. "Anauliza kama umekula." Mpaka leo sijui siku ile nilikuwa namhifadhi nani.

Majira ya baridi Bibi wa Juu akawa hainuki tena. Asubuhi ile alikula mkate kidogo, akauliza kama kawaida, "Leo amesema nini?"

"Anakusalimu, madamu."

Akacheka. Sikuwahi kumwona akicheka. "Dada yangu hajanisalimu tangu alipokuwa msichana," akasema. "Unaongopa vizuri sana. Endelea." Akafumba macho, na kabla ya saa sita akawa amekwenda.

Nikashuka vile vidato kumi na vinne nikimwambia Mungu anishike mkono. Bibi wa Chini alinitazama tu akajua. Akauliza, "Alisema nini?" Nikafungua mdomo, akainua kidole. "Usithubutu. Leo nataka maneno yake mwenyewe."

Nikamwambia yote. Akacheka mpaka akapaliwa, kisha akalia. Hata yeye alijua. Alijua tangu siku ya redio! "Dada yangu hakumsalimu mtu," akasema. "Hata mfalme alingoja."

"Sasa kwa nini mkaniacha niendelee?"

"Kwa sababu zilikuwa tamu." Halafu akanishika mkono kwa nguvu ambazo sikujua anazo. "Laiti ungeniletea matusi yake. Yalikuwa matusi yangu, mimi ndiye niliyepaswa kupigana nayo. Kabla hujaja kila wiki niliapa nitapanda nikamwambie usoni. Fimbo yangu niliiweka pale mlangoni. Ukaja wewe na anakusalimu zako, nikaridhika. Ningepanda, hata kwa makalio ningepanda. Tungegombana. Lakini ningemwona."

Nomvula, nimezaa, nimezika wazazi, nimevuka mipaka mitatu nikimfuata baba yako, mwanamume asiyejua hata kununua nyanya kwa Kiswahili. Hakuna neno lililonipiga kama hilo.

Akataka kupanda. Mimi nyuma nasukuma, yeye mbele na fimbo, nusu saa nzima. Alipofika akakuta ile picha ya fremu ya fedha, akaifudikiza juu ya meza. Hakumsamehe, usije ukadhani. Kisha akakaa kitandani akamshika dada yake mkono. Hapo ndipo akaona sahani ya asubuhi, nilikuwa sijaiondoa, na kile kipande ukingoni.

"Na yeye?" akaniuliza.

"Kila siku, Bibi."

"Miaka yote hii?"

Miaka miwili nilimletea salamu za uongo asubuhi na jioni, na ujumbe mmoja wa kweli niliokuwa nao nilikuwa naumwaga pipani, kwa kuwa hakuna aliyenituma niupeleke. Alikichukua kile kipande akakigawa, nusu akala, nusu akairudisha sahanini. Mwaka uliofuata naye akafa, na mpaka mwisho hakunilaumu tena.

Sasa mama, keti kama hujaketi.

Tangu ule mwaka wa maandamano ya ada, wewe na baba yako hamsemezani. Ulimwambia mezani, mbele ya wageni wake wa chama, "Baba, mliiuza nchi." Akakujibu kwamba alizika wenzake wa vita vya uhuru porini ili wewe upate chuo, si ili ukakifunge. Ukahamia chumba cha uani. Yeye akabaki nyumba kubwa. Na katikati nani? Mimi, na ndoo yangu ya kufulia, nikipita uani. Mchana nikibeba salamu kwa wazungu, jioni nikibeba kwenu. Hata baada ya yale ya Bibi wa Chini sikuacha, eish! Niliogopa. Niliona heri uani patulie.

Salamu zote za baba yako nilizokuletea, nilizitunga mimi. Aliyesema ujifunike ni mimi. Aliyekutakia mtihani mwema ni mimi. Yeye alisema, "Mwambie huyo mwanasiasa wako afunge geti." Nawe salamu zako kwake nilizitunga vilevile, maana ulichosema ni, "Mwambie komredi maji ya moto yamekwisha."

Na siku ya mahafali yako. Nilikuja nikakunong'oneza, "Baba yako anasema anajivunia." Uliniegemea ukalia mpaka poda ikaniharibia gauni. Nomvula, hakusema. Nimeandika sentensi hiyo mara tatu na kuikata, sasa naiacha. Hakusema, kwa sababu sikumuuliza. Kama anajivunia au hajivunii, sijui. Nisamehe, mwanangu. Nililiona hilo chozi nikajua nimeliiba, nikanyamaza kwa sababu lilikuwa zuri.

Sasa nikupe nilichokuwa nakitupa pipani. Hii si salamu, ni kitu nilichokiona kwa macho yangu. Jioni ile ulipoonyeshwa kwenye televisheni, umesimama mbele ya polisi wenye ngao, ukiimba, mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, baba yako yuko mezani. Ule wimbo niliujua. Baba yako aliuimba Morogoro na wenzake, wakati mimi ni msichana wa kuuza nyanya nje ya geti la kambi yao ya uhamishoni. Sikukufundisha mimi, naye hajawahi kuuimba humu ndani tangu tuje. Uliupata wapi sijui. Nikageuka kumtazama. Alikuwa amekunja uso kwa hasira, ngumi mezani, na midomo yake inacheza. Alikuwa anakuitikia, Nomvula. Sauti ya pili, chinichini, mpaka ubeti wa mwisho. Halafu akazima televisheni akasema umetuaibisha.

Neno la kuaibisha nililificha, na wimbo nao sikukuambia. Maana yake usiniulize mimi.

Asubuhi leo, umeshatoka kwenda kusukwa, alikuja jikoni. Akasimama karibu na friji kama mgeni. Akasema, "Mama Nomvula, kamwambie..." Nilijua mdomo wangu, ulikuwa umeshaanza kumtafutia maneno. Nikauuma. Nikamwambia, "Mimi sibebi tena. Nimechoka. Kesho ni wewe utakayempeleka uwanja wa ndege."

"Na wewe?"

"Mimi miguu inauma."

"Utaacha kumsindikiza mtoto wako kwa sababu ya miguu?"

Nikaweka funguo za gari mezani, nikaendelea kumenya viazi. Nilimenya viazi vya watu ishirini. Aliziangalia zile funguo kwa muda mrefu, mwanamume aliyevuka mto wenye mamba usiku na bunduki kichwani, anaogopa funguo. Mwisho akazichukua. Tangu saa hizo yuko nje. Ameosha gari mara mbili, amepima upepo wa magurudumu, sasa naona anafuta dashibodi kwa shati lake zuri. Sijui atakuambia nini. Pengine ataanza na geti.

Nilitaka sana kuja. Nimeota miaka mingi nikusindikize mpaka pale kwenye vioo nikupungie mkono. Nimejinyima hilo, na linaniuma kuliko miguu. Lakini nikiwa garini mtazungumza na mimi, yeye kupitia sikio langu la kulia, wewe kupitia la kushoto, na utapanda ndege hujamwona.

Kwa hiyo gombaneni. Mwambie mliiuza nchi, naye akuambie aliyezikwa porini ni nani, majina yao, maana hata mimi hajanitajia. Kama amekosa, amekosa, usimpunguzie. Ukikosa, asikupunguzie. Naomba tu kila robot, hizi taa za barabarani, kutoka hapa mpaka uwanja wa ndege iwake nyekundu.

Watu wa kwetu husema barua ni nusu ya kuonana. Nimeamini hivyo maisha yangu yote, na nusu hiyo nimeipika, nimeipakua, nimewalisha watu mpaka wakasahau nusu nyingine.

Geti limelia, ni wewe, naona nywele zimetoka vizuri. Baba yako amesimama kando ya gari na lile shati mkononi, nawe umesimama na mkoba. Sitoki. Namalizia hapa.

Salamu zangu mimi mama yako ni hizi, nyingi, za kweli, zipokee zote. Na hapa mwisho, mahali ambapo barua zetu huandikwa "baba yako naye anakusalimu sana," nimeacha mstari mtupu.

..................................................

Muulize.

Mama yako